Kofia, Ndoo, Chungwa

9 Februari

Mdogo wangu Uzi,

Pokea salamu za nyumba nzima, za wazima na za wanaojikongoja. Mimi sijambo ila mgongo. Shemeji yako hajambo ila mdomo. Bado anabishana na redio kama vile mtangazaji ni mpangaji wetu na hajalipa kodi. Wapwa zako wanakua kwa miguu tu, viatu vya Januari havivaliki Februari. Wifi yangu mwambie kitambaa alichotuma kimefika na Mama amekiweka chini ya godoro, maana yake amekipenda.

Nakuandikia kwa sababu simu ya nyumba hii unaijua. Masikio ya Mama yamekuwa mazito, kwa hiyo kila anayepiga lazima awekwe sauti ya juu katikati ya meza, na Mama anakaa mbele yake kama hakimu. Huwezi kumsema mtu ukiwa umemkalisha mezani. Barua zako zitume kwenye sanduku la posta la shule kama kawaida. Karani ni mimi, ufunguo ninao mimi.

Sasa la kusema. Unamkumbuka jirani yetu Mzee Breki, yule dereva wa malori aliyekuwa akitupa lifti mpaka shuleni? Alianguka bafuni mwezi uliopita, wakamkimbiza hospitali kuu, kitengo cha dharura. Pale kuna nesi ambaye kazi yake ni kupima wazee, akili na miguu. Akamwuliza huu ni mwezi gani. Mzee wa watu akasema Agosti. Akaambiwa ainuke kitini bila kushika kitu, akashindwa. Mfupa haukuvunjika hata mmoja, lakini tangu siku ile wanawe wanakwambia, "Baba ameshapimwa." Amepimwa! Kama gunia la mkaa. Wamechukua funguo zake, wamemhamishia chumba cha nyuma, na siku hizi anaulizwa chai tu. Mengine yote wanaamua wao. Jana nilimpitia. Akanivuta karibu, akaninong'oneza, "Mwanangu, huu mwezi gani?" Nikamwambia Februari. Akatikisa kichwa, akasema, "Haya, kama wakirudi kuniuliza."

Mama naye alikwenda kumjulia hali. Aliporudi hakugusa cherehani mchana kutwa. Jioni ndipo akasema, "Mkasi, siku nikipelekwa kule, na mimi mtanifanya hivyo?" Nikamwambia aache maneno ya ajabu, hana cha kupelekwa.

Lakini wewe nikuambie. Mama anasahau. Chumvi anatia mara mbili. Juzi alishona shati la mteja, mikono yote miwili ya kushoto. Mteja akacheka mpaka akakaa chini. Mama hakucheka. Na bado ukimpa sindano anatunga uzi bila miwani, mimi nikiwa natafuta tundu liko wapi.

Basi yeye anauliza, na mimi nauliza: mnawauliza nini hasa hao wazee? Si ndiyo kazi yako huko? Tuambie.

Ni mimi dada yako Mkasi. Na yule aliyetupa majina haya, mimi kwa ajili ya mdomo na wewe kwa ajili ya wembamba, anauliza kama umenenepa.


3 Machi

Dada yangu Mkasi,

Shikamoo. Barua yako nimeisomea kwenye ngazi za nyuma za hospitali, mahali pekee ambapo hakuna anayeniita. Wifi yako anakusalimu sana. Mtoto ameota meno mawili na anayajaribu kwenye kila kitu, pamoja na bega langu. Mwambie Mama sijanenepa, aendelee kusubiri.

Habari za Mzee Breki zimeniuma, kwa kuwa kazi yetu haikukusudiwa hivyo. Ngoja nikueleze ninavyoshinda. Nina mapazia matatu, vitanda vitatu na kiti kimoja kisicho na magurudumu. Wazee wanaletwa: huyu kaanguka, huyu kazimia, huyu hali, huyu kakutwa barabarani na nguo za kulalia. Daktari anaangalia mfupa na moyo, anakimbilia mwingine. Mimi naangalia mtu mzima mzima. Namwomba ainuke kitini, atembee hadi mlangoni, ageuke, arudi. Mtu akigeuka ndipo unapoijua miguu yake. Namwuliza tarehe, na hapa tulipo ni wapi. Namwuliza nani anampikia, nani anamsaidia kuoga, maana hakuna faida kumrudisha mtu nyumbani kwenye ngazi asizoweza kuzipanda.

Kisha nampa maneno matatu anishikie. Tunaongea mengine, halafu namdai. Maneno yenyewe ni kofia, ndoo, chungwa. Kila siku hayo hayo, na hapo kwenu pia ni hayo hayo, kwa sababu mimi na hao manesi wa hospitali kuu tulifundishwa na mwalimu mmoja, na mwalimu yule alikuwa mvivu wa kubuni maneno. Mwambie Mama kwamba mwanawe aliyemsomesha kwa kushona mashati sasa analipwa mshahara kwa kuwauliza watu habari za ndoo. Atacheka.

Mwambie pia kwamba huu si mtihani. Hakuna kufaulu wala kufeli. Kuna jambo moja katika kupima huku ambalo ndilo kubwa kuliko yote, na linawahusu zaidi nyinyi mnaowaleta wazee kuliko wazee wenyewe, lakini naitwa. Kuna babu ameamua kurudi kwake kwa miguu na dripu ikiwa mkononi, na mbio anazo.

Mdogo wako,
Uzi


6 Aprili

Uzi wangu,

Hujambo wewe na wifi na huyo mwenye meno? Sisi tupo. Shemeji yako ameshindwa kwenye ubishi na redio kwa sababu betri zimekwisha. Binti yangu mkubwa amepata alama nzuri za hesabu na mbaya za adabu. Kwa hesabu tumshukuru baba yake.

Hadithi yako ya ndoo nilimsomea Mama. Alicheka mpaka akashika mbavu. Halafu akasema, "Hebu rudia hayo maneno."

Sasa utanikemea, lakini nakuambia. Mama amekuwa mwanafunzi. Kila asubuhi nachana karatasi ya kalenda iliyo juu ya cherehani, anaisoma kwa sauti: siku, tarehe, mwezi. Akitunga uzi anasema kofia. Akigeuza kitambaa, ndoo. Akishusha mguu wa mashine, chungwa. Imekuwa wimbo wa nyumba, hata wapwa zako wanauimba wakioga. Jioni shemeji yako anamtoa kitini kwa filimbi, inuka, tembea, geuka, rudi. Mama anageuka kama askari. Jana katumbukia kwenye kochi kwa kicheko, akasema tangu baba yenu afe hajafurahi hivi.

Usiniambie ni wizi. Hapa shuleni watoto wote tunawapa mitihani ya miaka iliyopita wafanye mazoezi, na wazazi wanatushukuru. Kwa nini mtoto aonyeshwe maswali, na bibi aliyelea watoto wawili kwa mguu wa cherehani asionyeshwe? Mzee Breki angejua ataulizwa mwezi, leo angekuwa na funguo zake mfukoni.

Mengine ni yale yale. Usiku mara moja moja anauliza baba amechelewa wapi. Namwambia yuko njiani, analala. Lakini hilo hawaulizi, au vipi?

Shule tunafunga katikati ya Mei, na likizo hii ni ndefu. Ukiandika, andika mapema.

Dada yako,
Mkasi


2 Mei

Dada,

Shikamoo. Sisi wazima. Barua yako imechelewa sana njiani. Nimeipata jana, na natumaini hii itakufikia kabla hamjafunga shule.

Nilipiga simu jana hiyo hiyo. Akapokea Mama mwenyewe. Nilisikia meza, nilisikia redio, nilisikia wewe unamwambia aisogeze karibu. Nikataka kusema. Mama akaanza, "Leo ni Alhamisi, tarehe moja, mwezi wa tano," kwa sauti ya mtoto anayesubiri kupigiwa makofi. Nikampigia makofi, Dada. Nikaishia kumwuliza kama cherehani imetiwa mafuta. Ndiyo maana naandika.

Acheni. Siku utakayopata barua hii muache wimbo huo, na kalenda muitoe ukutani. Lile jambo kubwa ambalo sikulimaliza ni hili. Mzee akisahau polepole, mwaka baada ya mwaka, huo unaweza kuwa uzee au ugonjwa wa kusahau, na tunajua namna ya kuishi nao. Lakini mzee akibadilika ghafla, leo si wa juzi, anasinzia mchana na kukesha usiku, anaongea na wasiokuwepo, anachuna chuna shuka au kuvuta vitu hewani, huo si uzee hata kidogo. Ni ugonjwa unabisha hodi: kwenye mkojo, kwenye mapafu, kwenye damu. Mzee anaweza kuoza kwa ndani bila kulalamika popote, na kuchanganyikiwa huko ndiko kilio chake pekee. Tukikisikia mapema, dawa zipo, na watu wanapona wakarudi kutugombeza.

Yale maneno matatu ni kipimajoto changu. Ukimfundisha Mama kuyajibu, umekigandisha kipimajoto kwenye afya. Neno lililosemwa kila asubuhi kwa miezi linabaki mdomoni hata mwenye mdomo akiwa ameshaondoka.

Kwa hiyo tunamgeukia aliyemleta. Swali kubwa kuliko yote ni lake: wiki iliyopita alikuwa hivi? Huyo akitudanganya, sisi ni vipofu.

Mwezi wa tatu aliletwa bibi mmoja, msafi, hereni masikioni, na mwanawe, fundi umeme, kijana mwenye adabu sana. Kila nilichouliza alijibu kijana. Anapika? Anapika. Anaoga mwenyewe? Mwenyewe. Wiki iliyopita alikuwa hivi? Hivi hivi. Bibi anatabasamu tu na kunishukuru. Nikaandika arudi nyumbani. Kumbe tangu juzi yake alikuwa hamtambui hata huyo mwanawe, na kijana aliona aibu kusema mbele za watu. Alipomrudisha, bibi hakuwa anatabasamu. Kijana alibaki kwenye korido ameshika hereni za mama yake mkononi, ananiuliza mimi kilichotokea ni nini.

Mwacheni Mama akosee, Dada. Akosee mbele ya watu, kwa sauti. Funguo zake tutazilinda mimi na wewe.

Uzi


21 Mei

Uzi wangu wewe!

Leo salamu nazipitisha mbio kwa furaha. Wote wazima, na Mama ni mzima wa kuthibitishwa. Tumewashinda!

Nianze mwanzo. Shule imefungwa, kwa hiyo nipo nyumbani naye kutwa. Tangu Jumapili hakuwa sawa sana. Chakula anakigeuza geuza mpaka kinapoa. Chooni haendi. Mchana anasinzia kwenye kiti cha cherehani, usiku yuko macho, anapiga stori na baba. Na mikono yake, laiti ungeiona. Anachuna nyuzi hewani. Hapana kitambaa, hapana sindano, anavuta uzi, anaukata kwa meno, anavuta mwingine. Nikamwuliza, "Mama, unashona nini?" Akaniambia, "Shati la Uzi. Shule si inafungua kesho?" Nilikwenda jikoni nikalia kidogo, halafu nikacheka. Fundi ni fundi.

Jana akateleza mlangoni, akajigonga goti. Shemeji yako akaita teksi. Ndani ya teksi nikashika ukufunzi: "Mama, leo Jumanne, mwezi wa tano, hospitali kuu." Akawa ananitazama kama mtu anayesikiliza kwa mbali. Nikaogopa kweli, Uzi. Nilimwona Mzee Breki kwenye chumba chake cha nyuma. Nikasema Mungu wangu, si leo.

Pale dharura watu wamejaa hadi korido. Nesi ni binti mdogo, mpole, macho mekundu kwa uchovu. Akaanza, "Bibi, nitakupa maneno matatu..." Mama akataka kuyasema kabla hajapewa, nikamfinya kidogo. Binti akayataja, Mama akayashika. Binti akazungumza mengine, akamdai. Kofia, ndoo, chungwa! Kama anasoma ukutani. Siku, sahihi. Mwezi, sahihi. Akaambiwa ainuke, akainuka. Mimi nilikuwa nimemshika kiwiko kwa chini, kidogo tu, pasipoonekana. Kugeuka aligeuka kama askari, na mimi nikageuka naye.

Mwisho binti akanigeukia mimi. Akauliza, Mama amebadilika siku hizi? Wiki iliyopita alikuwa hivi? Nikamwambia mama yangu ni yule yule. Akatabasamu, akasema angepata wazee kama huyu kazi ingekuwa raha. Wakamfunga goti bandeji, wakampa vidonge vya maumivu, tukarudi.

Kwenye teksi Mama akaniuliza, "Nimefaulu?" Nikamwambia amefaulu, ameongoza darasa zima. Akanishika mkono, mkono wake wa moto kama wa mtoto aliyetoka kucheza juani. Hakuniachia mpaka nyumbani.

Sasa amelala, hatimaye. Vidole bado vinatembea juu ya shuka. Huyu mwanamke hata usingizini hana likizo.

Mshindi wako,
Mkasi


5 Juni

Uzi,

Sina salamu. Wote tupo, isipokuwa yeye.

Kwenye simu nilishindwa kukueleza, nililia tu na wewe ukalia tu. Ijumaa ile alilala mpaka jua likawa kali. Nilidhani anafidia usingizi. Nikawaambia watoto wasipige kelele. Nilimwacha alale, Uzi. Nilipomwamsha mchana hakuamka vizuri. Tukamrudisha. Safari hii hakuna aliyemwuliza neno. Walimkimbiza ndani kwa kitanda. Daktari akatoka baadaye akasema sumu ya mkojo imeshaingia kwenye damu, wanajaribu. Walijaribu mpaka Jumapili. Saa zote hizo midomo yake ilikuwa inatembea. Nikainama nisikie kama ananiachia wosia. Alikuwa anasema kofia, ndoo, chungwa. Kofia, ndoo, chungwa. Hakuna neno lingine alilonipa.

Tulimzika Jumanne. Najua ndege usingeipata, hakuna anayekulaumu. Mzee Breki alikuja, wanawe wamemshika huku na huku. Akaniuliza huyu tunayemzika ni nani. Nilipomwambia, akalia kama mtu aliyeambiwa peke yake duniani.

Cherehani nimeifunika. Chini ya mguu wa mashine bado pana kipande cha kitambaa, nusu kimeshonwa, sijui kilikuwa kiwe nini.

Sasa nakuuliza wewe mwenye kazi hii. Watu wananiambia ni siku zake zilifika. Sitaki ya watu. Niambie wewe: ningeweza kujua?

Dada yako


27 Juni

Dada yangu,

Simu hupokei. Nimepiga mchana, nimepiga jioni. Namwambia wifi yako labda mmetoka, naye ananiambia ndiyo, labda mmetoka, na wote tunajua hamjatoka. Mtoto ameanza kusimama. Anashika kiti, anainuka, anaanguka, anacheka. Siwezi kumtazama.

Barua yako ya tarehe ishirini na moja Mei ilinifikia Mama akiwa ameshazikwa. Nimeisoma. Nimeiweka.

Umeniuliza kama ungeweza kujua. Hapana, Dada. Usingeweza. Ugonjwa huu kwa wazee unajificha, hata madaktari unawapita. Ulimpeleka hospitali, na hilo ndilo linalotakiwa kwa mtoto. Mengine hayakuwa mikononi mwako. Nakuomba ulale.

Nimerudi kazini. Wiki ya kwanza nilimkalisha babu mmoja kitini, nikamwambia nitampa maneno matatu, nikasimama pale mdomo wazi. Babu akaningoja kwa heshima. Mwishowe akaniuliza mimi kama najua leo ni siku gani. Wenzangu walinitoa nje. Siku hizi natumia maneno mengine na sitayataja kwa mtu yeyote, hata kwako, hata kwa mzaha. Ule mzaha wa ndoo ulikuwa wangu. Huo ninao, nalala nao.

Jambo moja dogo. Kwenye sanduku la shule utakuta barua yangu ya mwezi wa tano, ilikuja mkiwa mmefunga. Usiifungue. Ni porojo za kazini tu, na inamtaja Mama kama yuko hai, itakuumiza bure. Ichome.

Mdogo wako,
Uzi


19 Julai

Mdogo wangu Uzi,

Nakusalimu, na wifi, na anayejifunza kusimama. Mshikeni mikono yote miwili, msimshike kiwiko. Huku wapwa zako hawajambo. Wimbo ule wameusahau wenyewe, au wananificha. Nikiingia bafuni wananyamaza. Shemeji yako hagombani tena na redio, anaisikiliza tu kimya, na nyumba imekuwa kubwa. Mzee Breki anatoroka chumba chake kila siku, anakuja kusimama mlangoni kwetu, ananiuliza mwezi. Namtajia, anashukuru, anarudi. Sijui kama ninamsaidia. Siku hizi hakuna ninachokijua.

Shule tumefungua. Kwenye sanduku zilikuwa zimelala barua zako zote mbili, moja juu ya nyingine. Ya Juni nilifungua kwanza, ndipo nikaona maagizo yako. Hiyo ya Mei nimeichoma kama ulivyosema. Nilikwenda nayo nyuma ya jiko la shule, nikaishika mpaka moto ukafika vidoleni. Usiwe na wasiwasi.

Cherehani nimeifunua. Kile kitambaa kilikuwa mkono wa shati, wa kushoto. Nimeutafuta wa kulia nyumba nzima.

Nakushukuru kwa kunijibu kwamba nisingeweza kujua. Ni jibu zuri, halina kigugumizi hata kidogo. Umelitoa kama mtu aliyelifanyia mazoezi. Mimi nimelea mtu wa namna hiyo kwa miezi mitatu, namtambua.

Nalala, umeniomba nilale. Nikilala vidole vyangu ndivyo vinavyotembea kwenye shuka, na shemeji yako anavishika.

Lipo moja tu nataka kutoka kwako, halafu sitakuuliza tena. Simu usipige. Siku hizi hapana wa kutusikiliza, lakini usipige. Kaa kwenye zile ngazi zako, uniandikie kwa mkono wako. Yule fundi umeme aliyebaki kwenye korido na hereni za mama yake mkononi, akikuuliza kilichotokea ni nini: yeye ulimwambia, au naye ulimjibu kwamba asingeweza kujua?

Dada yako